Swali la Kumi na Tisa

Mama Maswali alikuwa mdodosaji. Kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kupiga hodi kwenye nyumba za watu, kuwauliza mambo ambayo hata jirani hathubutu kuyauliza, na kuyaandika kwa wino wa bluu kwenye hojaji za idara ya saikolojia ya chuo kikuu. Jina hilo alipachikwa na watoto wa mtaani kwao, likamganda. Hakuwa na shahada yoyote. Alichokuwa nacho ni sikio. Mtu akikwama katikati ya jibu, naye alinyamaza, akasubiri, na mara nyingi lililofuata ndilo lililokuwa jibu lenyewe.

Alikuwa akiishi na mjukuu wake wa miaka sita. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya pili, mimba ikamsumbua, daktari akamwamuru asinyanyuke kitandani, na mtoto akaletwa kwa bibi. Wawili hao walipatana kama chanda na pete. Mtoto alilala upande wa ukutani, akaamka kila siku na maswali mengi kuliko bibi mwenyewe.

Mwaka huo mtafiti mmoja, msomi ambaye idara nzima ilimwita Dokta, alitaka kujua ni watoto gani wanaosumbuliwa na hofu. Mama Maswali akapita nyumba mia mbili na kumi. Kila mtoto alipewa alama: kama analia akiachwa peke yake, kama anaumwa tumbo asubuhi ya shule, kama anaogopa giza. Kila mlezi aliulizwa mtoto anakaa na nani, na kwa muda gani. Swali la kumi na tisa liliuliza: kama mtoto hakai na mama yake, ni kwa nini? Palikuwa na mistari miwili tu ya jibu. Yeye aliijaza, akaendelea pembeni mwa karatasi.

Jumamosi moja asubuhi alikuwa akikunja nguo huku redio ikiongea peke yake, akasikia sauti anayoifahamu.

"Tumegundua uhusiano mkubwa," Dokta alikuwa akisema. "Kadiri mtoto anavyokaa muda mrefu na bibi yake, ndivyo hofu yake inavyopanda. Bibi zetu wana upendo, sikatai, lakini upendo wao unawalea watoto kuwa waoga. Nawashauri wazazi, chukueni watoto wenu."

Mama Maswali alibaki na shati mkononi. Mate yalimjaa mdomoni kama mtu aliyeuma kitu kilichooza. Zile nyumba aliziingia yeye. Alimkumbuka bibi mmoja aliyejibu maswali yote akiwa ameshika khanga ya marehemu binti yake, na mtoto wa marehemu amejificha nyuma ya mlango.

Jumatatu mwanawe alikuja na begi tupu. Alikaa ukingoni mwa kiti, akatazama miguu yake.

"Mama, nimekuja kumchukua mtoto."

"Mama yake amepona?"

"Amejifungua wiki iliyopita, anaendelea vizuri. Lakini si hilo tu. Kuna utafiti umetoka."

"Utafiti gani?"

"Huo wa watoto na bibi zao. Kazini watu wote wanauongelea. Usinielewe vibaya, mama. Ni wasomi wamesema."

"Huo utafiti nimeukusanya mimi," alisema. "Kwa miguu hii. Na haukusema hivyo."

"Mama, wewe ulikuwa unajaza fomu tu."

Mama Maswali alisimama. Alikunja nguo za mtoto, akazipanga, akafunga zipu ya begi. Mtoto aliondoka akipunga mkono, akidhani anakwenda kumwona mdogo wake na kurudi.

Kesho yake alikwenda idarani kabla ya saa mbili. Maboksi ya hojaji yalikuwa chini ya dirisha, moja likiwa limegeuzwa meza ya chai. Alitoa karatasi ya juu. Katikati yake palikuwa na duara la kahawia la kikombe, na duara lilipita juu ya maneno yake mwenyewe: *mama amefariki, wiki ya tatu sasa*. Alilisugua duara lile kwa upindo wa khanga, halikutoka.

Siku tatu alikaa sakafuni, akizitenga hojaji mafungu mafungu. Watoto waliokaa na bibi walikuwa sabini na wanne. Kati yao, sitini na mmoja walikuwa na mama mgonjwa, au aliyefariki, au aliyetengana na baba kwa ugomvi, na hofu yao ndiyo iliyokuwa juu. Kumi na watatu waliobaki walikaa na bibi kwa sababu za kawaida tu, shule iko karibu au wazazi wanafanya kazi mbali, na hofu yao ilikuwa ndogo kama ya watoto wengine. Halafu, kwa yale aliyoyaandika pembeni mwa karatasi, akatafuta watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa lakini wamebaki nao nyumbani. Walikuwa kumi na tisa. Hofu yao ilikuwa juu vilevile, bila bibi yeyote.

Dokta aliingia akifuta vidole kwa leso.

"Mbona umetandaza karatasi kama uko sokoni?"

"Dokta, swali la kumi na tisa halikuingizwa kwenye kompyuta."

"Lile ni la maelezo. Maelezo hayahesabiki."

"Ndilo lenye habari yote. Msiba unampeleka mtoto kwa bibi, na msiba huohuo unamtia hofu. Wewe umeona hofu na bibi wamekaa pamoja, ukamkamata bibi. Wanaokohoa sana ndio wanaojaa duka la dawa. Utasema duka la dawa ndilo linalowakohoza?"

Dokta alicheka kidogo. "Uhusiano upo au haupo?"

"Upo."

"Basi. Mimi sikusema bibi anasababisha."

"Nimekusikia kwa masikio yangu. Umewaambia wachukue watoto."

"Redioni ni lazima uongee lugha ya watu," alisema, akachukua kikombe chake. "Ukianza kusema labda, huenda, inategemea, hawakualiki tena. Wewe hujui mambo haya yanavyokwenda. Na jina lako nimeliweka kwenye ukurasa wa shukrani, ulione."

Kilichomchukiza zaidi ni kwamba hakuwa na aibu hata chembe. Mwongo angekwepa macho. Huyu alimtazama usoni, akanywa chai.

"Lifute," alisema Mama Maswali.

Alipeleka mafungu yake kwa mkuu wa idara, mwanamke mchovu ambaye alisoma karatasi ya kwanza kwa haraka, ya pili taratibu, na ya tatu mara mbili. Kamati iliitwa. Baada ya wiki saba lilitoka tangazo la aya moja kwenye jarida la chuo: matokeo yanaonyesha uhusiano tu, wala hayathibitishi chanzo cha hofu. Redio haikuja kuuliza. Dokta alipelekwa kwenye mradi mwingine, wa usingizi wa wanafunzi, akamwomba Mama Maswali amkusanyie majibu. Alikataa, akahamia kwa mtafiti mwingine kwenye ghorofa ya chini.

Alikata ile aya kwa mkasi, akampelekea mwanawe nyumbani kwake. Mwanawe aliisoma, akaikunja.

"Nisamehe, mama. Lakini ameshaanza shule huku."

"Najua. Mwache asome."

Mkwe, aliyekuwa akinyonyesha, alisema kwa sauti ya chini kwamba tangu mtoto arudi anakojoa kitandani, na labda ni kwa sababu ya kutenganishwa na bibi. Maneno hayo yalikuwa matamu masikioni. Mama Maswali aliyaonja kwa dakika nzima. Kisha akajiona jinsi alivyoyapokea haraka, akachukizwa na nafsi yake karibu kama alivyochukizwa na Dokta.

"Amehama nyumba, amebadili shule, amepata mdogo, vyote mwezi mmoja," alisema. "Hatujui ni kipi. Muulizeni, halafu mnyamaze mumsikilize."

Mtoto aliingia akiwa na viatu vya shule, akampandia mapajani. Mama Maswali akamuuliza shule ikoje. Mtoto alianza kujibu, akakwama, na bibi yake akasubiri.