Wimbo wa Vidole Vitano

Mtoto anayeanza kupiga piano ana vidole vitano kwa kila mkono, na hapendi kuhamishwa. Apolinari alilijua hilo kuliko alivyojua katekisimu. Mwambie mtoto arushe mkono kutoka huku kwenda kule, atapotea, atalia, na baba yake ataanza kujiuliza anamlipa mwalimu kwa lipi. Kwa hiyo tungo zake zote zilikaa papo hapo: kidole gumba kikishapata kibonyezo chake, wenzake wanne wanajipanga ubavuni, na wimbo mzima unatoka bila mkono kusogea.

Vitabu vya piano kutoka Uingereza vilijaa picha za theluji, tena vilikuwa na haraka. Ukurasa wa pili tu vidole vinagongana. Ndiyo maana wenye maduka wa barabara ya Pugu walimtaka yeye. Alitoka Songea baada ya vita, hana kitu ila ujuzi wa kinanda cha misheni alichojifunza kwa mapadri, kile cha kukanyaga kwa miguu. Alipofika alimkuta Bwana Valimohamed, mwenye duka la nafaka Buguruni, ana piano aliyoinunua mnadani, mchwa wameshaingia. Akaisafisha, akaizibaziba, akakataa malipo. Alichotaka ni mtoto wa kufundisha. Akapewa Gulbahar, binti wa nyumba. Mwenye duka wa jirani akaona, naye akataka wa kwake afundishwe. Mchwa wale walimlisha Apolinari miaka miwili mitatu.

Alipanga kwa Bi Zuena, mjane wa Kizaramo. Bi Zuena alikuwa mkunga, na alikuwa kungwi pia: msichana akivunja ungo, yeye ndiye aliyemweka ndani, akamcheza, akamfunda yale ambayo mwanamume haambiwi. Avelina, mke wa Apolinari, alipopata uchungu wa mtoto wa kwanza, walijaribu kumpeleka hospitali mjini kwa mkokoteni, na mtoto akafia njiani. Mama mtu alirudishwa akiwa mweupe kama karatasi. Mikono ya Bi Zuena ndiyo iliyomzuia asimfuate mwanawe. Baada ya hapo Bi Zuena alimwingiza uani, akamkalisha na wanawake wenzake, akamwapisha kwamba ya ndani hatayatoa nje. Padri hakuambiwa.

Sasa Avelina alikuwa na mimba nyingine, mwezi wa kujifungua umeshaingia, na mtoto amelala mshazari. Kila asubuhi Bi Zuena alikuja na mafuta ya nazi, akamkanda tumbo, akimsukuma mtoto polepole kichwa kishuke.

Wimbo wenyewe Apolinari aliupata masika, siku alipokuwa amekaa mbele ya karatasi tupu. Uani walikuwa wakicheza mwali. Ngoma zilirindima mtaa mzima, kisha zikanyamaza, zikabaki sauti za wanawake wakiimba chini kwa chini. Ngoma ni ya wote. Kinachoimbwa ngoma ikinyamaza kina wenyewe. Mwanamume wa Kizaramo akisikia ngoma imekatika huchukua kofia yake akaenda kukaa kwa jirani, wala hahitaji kuambiwa. Apolinari, mtu wa bara, alivuta kiti karibu na ukuta. Sauti tano! Haikuzidi hata moja. Akaandika, akauita "Kuku Anatembea", akampa Gulbahar.

Mtoto aliushika kwa siku moja, na mtaa ukaushika kupitia dirishani.

Kisha Bi Zuena akaenda dukani kwa Valimohamed kununua mafuta ya taa. Alirudi chupa tupu mkononi, akasimama mlangoni kwa mpangaji wake.

"Shikamoo, mama," alisema Apolinari.

Hakupewa marahaba.

"Mtoto wa Valimohamed kachezwa na kungwi gani?"

"Sijakuelewa, mama."

"Mbona anaimba ya ndani kwa vidole? Mtoto hata meno hajamaliza kung'oa!"

Apolinari aliinuka kitini. "Mama, mie nilisikia ukutani tu. Sikujua."

"Ee, wanaume wote husikia ukutani. Wake zao huwa hawajasema kitu." Akamgeukia Avelina aliyekuwa amekaa kitandani. "Au siyo, mwanangu?"

"Haki ya Mungu, mama, sijafungua kinywa!"

"Cha kinywani mwako sikijui. Nakijua nilichokisikia dukani, na si mie peke yangu niliyekisikia. Wenzangu wananiuliza nimemwapisha nani." Akashusha sauti. "Jumamosi Mhindi ana wageni, na huyo mtoto atapiga. Nami nitakuwa barazani pake kama mnunuzi yeyote. Wimbo ule ukitoka, mkeo mtafutie mkunga mwingine. Tena umtafute mbali, maana wa hapa wote niliwacheza mie."

Kesho yake hakuja kukanda. Avelina alikaa kitako akitazama mlango mpaka jua likawa kali. Apolinari alilitazama tumbo lile, limetanuka upande kwa upande kama gunia lililolazwa, akakumbuka mkokoteni.

Akapanda baiskeli yake, akaenda dukani.

"Bwana, Jumamosi tumpe mtoto wimbo mpya."

Valimohamed hakuinua macho kwenye mizani. "Bwana mkubwa wa reli anakuja na memsahibu wake. Juzi kasikia Kuku, kacheka mpaka basi. Unga wa vibarua wa reli unategemea kicheko hicho. Unataka niuze nini, mwalimu?"

"Kuku kila mpita njia anaye. Wewe unga wa mwaka jana unamwekea mgeni mbele?"

"Ukiwa unanunuliwa, naweka."

"Akisikia kipya atajua binti ana akili. Akisikia kile kile atasema mwalimu kafundisha kimoja tu."

Valimohamed alimtazama sasa. "Mwalimu, unatoka jasho. Una homa?"

"Joto tu, Bwana."

"Haya, mpya. Lakini mtoto akiniaibisha, mimi na wewe basi."

Bei ilikuwa mbaya, ila mtu mwenye moto mgongoni hachagui maji.

Tabu ilianza kwa Gulbahar mwenyewe. Kila alipoweka mikono, vidole vilikwenda kwa Kuku. Alianza mpya vizuri, akifika katikati anateleza, Kuku huyo. "Mwalimu, vinakwenda vyenyewe!" alisema, akicheka. Apolinari hakucheka. Kidole cha mtoto kikishashika njia hukikatazi kwa maneno. Alirudi nyumbani, akawaza, hakula. Ndipo akapata: vibonyezo vyeusi. Navyo viko vitano katika kila fungu la vibonyezo kumi na viwili, lakini viko juu, vina mapengo, mkono unakaa vingine kabisa. Huko Kuku hana pa kukanyaga. Akatunga wimbo wa vyeusi vitupu, mfupi, wa kishindo, akamfungia mtoto vyeupe kwa kuvifunika kwa kitambaa.

Jumamosi wageni walijaa. Bwana wa reli alikaa mbele, memsahibu akijipepea. Dirishani, katikati ya wanunuzi waliokuwa barazani, Apolinari aliliona buibui la Bi Zuena. Halikusogea.

Gulbahar alipiga. Vidole vilikaa juu, havikuteleza hata mara moja. Wageni wakapiga makofi.

"Na sasa," akasema Valimohamed, amejaa furaha, "Kuku!"

Memsahibu akapiga makofi tena. Gulbahar aliondoa kitambaa, akatabasamu, akashusha mkono kwenye vyeupe. Sauti ya kwanza ikatoka. Ya pili.

Apolinari aliweka kiganja chote juu ya vibonyezo. Piano ilipiga yowe. Aliitoa mikono ya mtoto taratibu, akafunga kifuniko.

"Huo haupigwi tena, Bwana."

Valimohamed aliendelea kuwatabasamia wageni. Maneno yalipita katikati ya meno. "Piano yangu. Nyumba yangu. Fungua."

"Siwezi."

"Basi ondoka. Na barabara hii yote nitawaambia wasikufungulie mlango."

Gulbahar alianza kulia. Apolinari alitoka kupitia dukani. Barazani hapakuwa na buibui. Je, Bi Zuena aliondoka kabla ya zile sauti mbili, au baada yake? Alizunguka mitaani muda mrefu, anakanyaga baiskeli hajui anakanyaga nini, anaogopa kufika nyumbani, akiona mbele yake chumba, kitanda, na mkewe peke yake.

Bi Zuena alikuwa kitandani na Avelina, mikono inang'aa mafuta.

"Zilitoka mbili," alisema, bila kugeuka.

"Mbili, mama."

"Mbili si wimbo. Na kishindo nimekisikia. Kazi je?"

"Imekwisha."

"Basi nimeamini si mkeo aliyetoboa. Mtu hachomi ghala lake kuficha uongo wa mwenzake." Akakandamiza ubavuni, Avelina akang'ata kanga. "Lakini wenzangu watataka kitu mkononi. Mtoto akiwa wa kike, nitamcheza mie, padri wako apende asipende. Na huyu tumboni bado amelala mshazari, Mwalimu, nisikufiche. Sijui kama—"

"Ndiyo, mama."

"Sijamaliza."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Mtu anayekubali bei kabla haijatajwa yote, muuzaji yeyote anajua ana shida kiasi gani. Bi Zuena alijua. Akachota mafuta mengine. Chini ya viganja vyake kitu kigumu kilisogea kidogo, kikasimama, na Avelina akashika mbao za kitanda kwa mikono miwili.