Nilivyomfundisha Askari Sauti ya Shore

Shore ni ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi, na chini ya mkia ana manjano kidogo, kama aliyekalia kiini cha yai. Anapenda mahali penye watu, maji na matunda. Wakati wa vita vya shifta, kama serikali ilivyowaita waasi wa Kisomali, watu wa nyikani walipokuwa wakihamishwa kwa nguvu kuingia vijiji vya kulindwa, yeye alizidi kunenepa kwa mapapai ya bustani niliyoitunza Garissa, nyuma ya nyumba ya afisa mmoja, kando ya mto Tana.

Langoni alikaa askari kijana kutoka bara, mwoga wa nyoka kupita kiasi.

"Wariya," aliniambia siku moja, kama walivyotuita wanaume wote wa Kisomali, "huyo ndege wako mbona ananitukana?"

"Hakutukani, afande. Sikiliza. Akiimba, sauti huzunguka taratibu. Akiona adui karibu na kiota, huikatakata sauti na kushuka tawi kwa tawi. Usimtazame yeye. Tazama chini yake."

Tukatazama chini ya mndimu alimojenga kiota. Nyoka alikuwepo.

"Mama yangu!" Askari aliruka akaangusha debe langu. "Heri shifta, shifta ana miguu!"

Tulicheka sana. Tangu siku hiyo akaniita mwalimu, nami nilifurahi, maana napenda kumwona mtu akielewa jambo.

Wiki chache baadaye kaka yangu alikuja. Ngamia wake walikuwa wamepigwa risasi na wanajeshi, naye alikataa kuingia kijiji cha kulindwa, kwa hiyo hakuwa na karatasi ya kumruhusu kutembea mjini. Asiye na karatasi aliitwa shifta, basi. Alfajiri nilimficha nyuma ya migomba, mahali asipoingia mtu ila mimi, nikamwachia birika la chai. Jioni mtu wa mtumbwi angemvusha mto.

"Usisogee, aboowe," nilimwambia kaka kwa Kisomali chetu.

"Nisogee niende wapi? Sina hata ngamia wa kumfuata."

Jua lilipopanda, kivuli cha migomba kilihama. Nadhani alikifuata, kama mfugaji yeyote angefanya, akajilaza chini ya mndimu. Sikuwa nimemwambia habari za kiota. Nilimweleza askari, sikumweleza ndugu yangu.

Nilikuwa nachota maji mtoni niliposikia sauti ikikatwakatwa. Nikatupa debe, nikakimbia. Askari alikuwa ameshafika, bunduki mkononi. Hakuwa akimtazama ndege.

"Umeona, mwalimu?" Uso wake ulijaa fahari, kama mwanafunzi aliyepata hesabu. "Nilitazama chini!" Kisha akamnyoshea kaka yangu mtutu. "Unamjua huyu?"

Kaka aliwahi kujibu kabla sijafungua mdomo. "Mimi hapana jua huyu," alisema, akinitazama kama mgeni aliyekutana nami kisimani.

Nami nikasema, "Simjui."

Lori lilimchukua kabla ya adhuhuri. Hakurudi, wala hakuna ofisi iliyoniambia alikopelekwa. Birika nililikuta nyuma ya migomba, chai imebaki nusu.

Siku hizi shore wako katika kila ua wa Garissa. Wajukuu wangu huuliza mengi, nami huwaeleza kwa furaha ndege huyo anavyojenga na anavyolisha makinda. Ila akianza kuikatakata sauti, huwaambia, "Ni paka tu, endeleeni kucheza." Kisha huinuka mwenyewe, nikaenda kutazama chini.