Bila Pumzi Hakuna Chai

Pale wodi ya wazazi, chupa ya chai ilikuwa na mlinzi. Mlinzi mwenyewe ni nesi mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na wenzake walimbatiza Sista Kikwazo. Kila asubuhi analaza mezani kidoli cha mpira, saizi ya kichanga, jina lake Bwana Mkubwa, na kila mtu sharti akipulizie hewa kwa mfuko wa kubinya na barakoa ya kufunika pua na mdomo, kama anavyookolewa mtoto aliyezaliwa hapumui, mpaka kifua kiinuke. Kisipoinuka, chai utaisikia harufu tu. "Bila pumzi hakuna chai," ndiyo salamu yake.

Aliyeteseka zaidi ni Mama Pacha, mkunga, mpenda chai asiye na mfano. Kutwa kulalamika: yeye kazalisha watoto mpaka wengine wana ndevu, leo asumbuliwe na mpira! Sista hakujali. Alishaona vichanga vikipotea huku watu wazima wakihangaika kutafuta barakoa, na bado ilimuuma. Basi Mama Pacha anapuliza huku kanuna, kifua kinainuka, anajimiminia kikombe cha kujaa pomoni.

Siku ya siku, mke wa mwana wa pekee wa Sista akaja kujifungua. Mtoto akatoka, wa kike, kimya, kalegea. Wakamkausha, wakamsugua mgongo, wapi! Sista akashika mfuko. Mikono ile ile iliyonyima watu chai ikaiweka barakoa upande, hewa yote ikapita pembeni. Mjukuu wake wa kwanza anakwenda hivi hivi, naye anaona, na mikono haimtii.

Mama Pacha akampiga kikumbo cha haja, akamnyang'anya mfuko. Akamweka mtoto kichwa sawa, akabana barakoa, akapuliza taratibu kama kila asubuhi, ila safari hii bila kununa. Kifua kikainuka. Kikainuka tena. Kisha kitoto kikakunja uso, kikaangua kilio kilichofika mpaka getini.

Mtoto alipolazwa kifuani kwa mama yake, Sista aliketi sakafuni akalia kwa furaha, wala hakujali nani anamwona. Machozi yalipokwisha, koo limemkauka. Akaenda chumba cha wauguzi, akanyoosha mkono kwenye chupa. Mama Pacha akaisogeza mbali, akamwonyesha Bwana Mkubwa pale mezani.

"Leo kifua hujakiinua, bibi," akasema.

Sista akajifuta uso kwa kiwiko, akavuta kiti, akaanza kupuliza.