Picha ya Kwanza ya Saimi

Rauni Kemppainen alikuwa amewapiga watu picha za moyo kwa miaka mingi, hata pale mjini Kajaani wengine wakikutana naye dukani hushika kifua kwanza ndipo wamsalimu. Alichokipenda kazini ni picha safi. Alichokichukia ni jedwali lililobandikwa ukutani kwenye chumba cha kahawa, likionyesha kuwa kitengo chao hospitalini ndicho kinachotumia mionzi kidogo kuliko vyote mkoani. Mkuu wao, Daktari Launonen, alilipita kila asubuhi akitabasamu. Mionzi kidogo ni jambo jema, nani abishe? Lakini ukiipunguza mno, picha hujaa chengachenga, na ndani ya chenga mshipa mbovu hujificha vizuri sana.

Alhamisi moja ya theluji akaletewa Saimi Ahola, mama wa miaka thelathini na minane, kifua kinamuuma. Baba yake alianguka akizoa theluji mlangoni akafa, bado mtu wa makamo. Saimi alitaka kujua jambo moja tu: kama naye ameurithi ugonjwa ule wa moyo.

Mapigo ya moyo wake yalikuwa yanakwenda mbio.

"Umekunywa kahawa?" Rauni akauliza.

"Hapana. Yaani, vikombe viwili tu, kwa mama mkwe."

"Si uliambiwa usinywe?"

"Niliambiwa. Sasa dada, mama mkwe kashachemsha, kamimina, umwambie hunywi? Ningezikwa leo bila hata ugonjwa."

Rauni alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Moyo ukitulia, mashine humulika kidogo tu ikapata picha. Ukikimbia, sharti imulike kwa muda mrefu, na mionzi hupanda. Dawa ya kutuliza mapigo haikufaa, Saimi ana pumu. Kumrudisha nyumbani ni kumrudisha kwenye foleni ya miezi. Akampigia Launonen.

"Naomba nipandishe mionzi."

"Weka ya kawaida yetu. Mwanamke bado kijana, unataka kumbanika?"

"Picha haitasomeka, daktari."

"Umejuaje na hujapiga? Piga bwana!"

Njia mbili zilimshinda fisi, na Rauni hakuachiwa hata moja. Nyuma ya kioo kinene cha chumba cha mitambo alijiona yeye ndiye aliyefungwa, si Saimi aliyelazwa mashineni. Alijua kitakachotokea. Akabonyeza hivyo hivyo, akakichukia kidole chake.

Zikaja chenga tupu. Daktari anayesoma picha akapiga simu kwa hasira: "Hapa sioni kitu. Rudia!" Launonen akakubali kwa shingo upande. Safari hii Rauni akapandisha mionzi, na mshipa ukatokea waziwazi, umebana katikati kama shingo ya kibuyu.

Rauni alipoingia chumbani, Saimi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akivaa soksi zake za sufu. Launonen naye akaja akasimama mlangoni.

"Mmeona?" Saimi akauliza.

"Tumeona. Leo huendi nyumbani, dada. Wanakuandalia kitanda juu, mshipa uzibuliwe," Rauni akajibu.

Machozi yakamlenga Saimi. Akayafuta kwa kiganja.

"Mmeona kwenye picha ipi?"

"Ya pili."

"Sasa ile ya kwanza ilikuwa ya nini?"

Rauni angeweza kuisingizia mashine. Angeweza kuisingizia kahawa ya mama mkwe, na kila mtu angemwamini. Lakini miaka yote ile ya kumeza maneno ilikuwa imemtosha.

"Ya kwanza ilikuwa ya kupambia jedwali letu la ukutani," akasema. "Muulize huyo hapo mlangoni."