Udi Kwenye Kiti cha Mahameli

Miaka ya tisini nilikuwa dereva wa teksi, kwangu Tudor, na jioni nikisoma ngumbaru, darasa la watu wazima. Gari langu lilikuwa zuri hadi magari mengine yakikaa kando lipite. Viti nilivishonesha kwa fundi wa Makupa: ndani sponji ya godoro, juu mahameli ya nailoni. Ukikaa, huteremki mpaka Kiyama.

Siku moja niliitwa Mji wa Kale kumchukua bibi harusi. Shangazi yake, Bi Rukia, alichungulia ndani akakunja pua.

"Mwanangu, bibi harusi hapandi gari linalonuka petroli. Lifukize kwanza."

Nikaweka chetezo chenye makaa na udi kwenye kiti cha nyuma, nikafunga vioo harufu ikolee. Nilipokwenda kukitoa, kikapinduka. Wallahi, kiti kiliwaka kama kilikuwa kikingoja kualikwa! Sponji ikadondosha matone ya moto, mahameli ikayeyuka na kunigandia mkono wa kulia. Moshi mweusi ukaniziba koo. Bi Rukia ndiye aliyenivuta nje kwa kola.

Hospitalini nilikohoa makohozi meusi kama wino. Mkono ulijaa malengelenge, ngozi ikabambuka, kisha vidole vikaanza kujikunja.

"Usipovinyoosha kila siku, vitabaki hivyo," daktari akaniambia.

"Daktari, nina mtihani wa kuandika."

"Basi nyoosha, na ukiumia piga kelele."

Nilipiga kelele, samaki wa bandari ya Liwatoni wakahama. Mke wangu Mwanaisha akinilisha uji, akinitania: "Mume mzima, kelele za mtoto wa jando!" Kisha akigeuka kufuta machozi.

Jirani yangu wa zimamoto alikuja kunitazama. "Viti vya kiwandani vina sheria," akasema. "Kitambaa hujaribiwa kwa moto. Kikishika, kiungue polepole, mtu apate kutoka. Wewe, bwana, uliendesha godoro."

Kidole kimoja kikanyooka, kisha cha pili. Nikashika kijiko. Mwishowe nikashika kalamu.

Namshukuru Mungu, daktari, Mwanaisha, na Bi Rukia na nguvu zake za ng'ombe. Nawe uliyeungua, usikate tamaa: nyoosha. Na kabla fundi hajakushonea viti, omba kipande cha kitambaa na sponji, kakitie kiberiti uwanjani. Kikiwaka mbio na kudondosha moto, kikatae. Chetezo nacho kiishie nyumbani.

Haya yote nimeyaandika kwa mkono wa kulia. Herufi zimepinda, lakini hata kabla ya moto mwalimu alikuwa akilalamika.