Niliongeza miaka minne ili niingie polisi, imenirudia siku za kustaafu

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, na ninyi wengine habari za huko mliko.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kiswahili changu ni cha paredi, shule niliishia darasa la tano, na kidole changu kwenye hii simu kinabonyeza herufi mbili kwa mpigo. Mtanivumilia.

Mimi naitwa Mumbere, kwa kabila Mukonzo, mtu wa Bwera, huku mpakani na Congo. Nimekuwa polisi tangu ujana. Nimezungushwa Uganda karibu yote, mpaka kule ambako kunyesha mvua ni habari ya kupigiana simu. Miaka ya mwisho wakanileta Kasese, karibu na nyumbani.

Nianzie mwanzo kabisa.

Watu wa kuandikisha polisi walikuja kwenye uwanja wa mpira. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa mrefu, nimejengeka kwa kushusha magunia ya kahawa kutoka mlimani.

Tukapanga laini. Aliyekuwa mbele yangu akasema ana kumi na saba. Akafukuzwa kwa fimbo ya matako, watu wakacheka.

Nikajisemea moyoni, Mumbere, weka mbali kabisa.

"Wewe, miaka ngapi?"

"Ishirini, afande."

"Ishirini na hiyo mashavu ya mtoto?"

"Ni uji wa mama, afande."

Akacheka, akaandika. Nikaweka sahihi.

Wakuu, kumi na nane ingetosha! Hiyo mbili ya juu niliiongeza kwa woga tu. Nimeifikiria sana hiyo mbili.

Mama yangu hakujua. Siku hiyo alikuwa soko la Mpondwe na maharage yake. Aliporudi jioni akaambiwa Mumbere amepanda lori. Sikurudi nyumbani mpaka nimemaliza mafunzo ya depo na kupangiwa kazi, na hata hapo nilikaa siku mbili.

Basi.

Miaka ikaenda. Nikaoa. Mke wangu ni Munande wa upande wa Beni, lugha yetu ni moja, mpaka tu ndio umetugawa. Anauza makayabu, yale masamaki ya chumvi. Huyo ni mwanamke ambaye akikuangalia bila kusema kitu, unaanza kujieleza mwenyewe.

Nilipoona mvi zimekuwa nyingi, nikanunua kitabu cha mistari nikaandika mpango wa kustaafu. Msinicheke, niliuandika vizuri, kwa rula.

Nilihesabu umri wangu wa kweli, ule anaoujua mama. Nikaona nimebakiwa na miaka mitano.

Mwaka wa kwanza, kupandisha kuta za nyumba Bwera. Msingi ulikuwa tayari, vyumba sita. Vyumba sita vya nini na sisi tumebaki wawili na binti mmoja? Ni mashindano. Kuna mstaafu mwenzangu pale chini alijenga vitano.

Mwaka wa pili, bati. Wa tatu, binti yetu Masika amalize chuo cha unesi Kisinga. Wa nne, miche ya kahawa na ng'ombe mmoja. Wa tano, kuhamia taratibu huku mshahara bado unaingia.

Kitabu nikakiweka kwenye sanduku la bati. Sikukifungua tena. Niliona kazi imekwisha, kumbe kuandika si kupanga.

Haukupita mwaka, asubuhi moja paredini, inspekta akasoma majina ya wanaostaafu mwaka unaofuata. La tatu likawa langu.

Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Hongera mzee, sasa utalala mpaka saa nne."

Mwingine akajibu, "Huyu analala mpaka saa nne hata sasa."

Nikacheka nao. Nilijua ni makosa ya ofisi. Nikaenda kwa karani wa mafaili, mama mmoja mpole wa kaskazini, nikamwambia mmenikosea hesabu, mimi bado miaka mitano.

Hakubishana. Akaleta faili, likatoa vumbi. Ukurasa wa kwanza kuna picha ya kijana shingo nyembamba, macho yametoka kama amefukuzwa na mbwa. Chini yake tarehe ya kuzaliwa.

"Afande, hii sahihi ya nani?"

Nikaisogeza karibu.

"Ni yangu."

"Basi na mwaka ni wako."

Nikamweleza ukweli. Akafunga mlango kwanza, halafu akaniambia, "Mzee, ukitaka kubadilisha, watakuuliza ulidanganya lini, siku ile au leo. Na wakati wanakuuliza, pensheni inakaa hapo imesimama. Nimeona mtu amekufa bado imesimama."

Wakuu, nilitoka pale nikiwaza nyumba.

Kwa wasiojua maisha ya barracks: nyumba si yako. Sisi tulikuwa kwenye kile kinyumba cha bati cha mviringo, mchana tanuri, usiku friji. Ukistaafu unakitoa kwa mwingine. Na kule Bwera kuta zangu zilikuwa zimefika madirishani, nyasi zimeota sebuleni.

Nikamwambia mke wangu. Alikuwa anapanga makayabu kwenye beseni. Hakuinua kichwa.

"Mubaba, weye miaka yote hii nimelala na mutu sijue miaka yake?"

"Nilikuwa mtoto, Mama Masika."

"Na sasa uko nani? Tutaikala wapi? Kwa dirisha?"

Nikatoka nje.

Kwa mawazo hayo ndipo nikakutana na jamaa mmoja mjini Kasese, ana kibanda cha kuchapa barua. Nikamweleza. Akasema dawa ipo, mzee. Nitafute mzazi aape mwaka wa kweli mbele ya wakili, yeye atatengeneza kadi ya ubatizo iliyozeeka.

"Nilibatizwa nikiwa depo," nikamwambia.

"Kadi haijui hilo," akajibu.

Ninawaambia bila kuficha, nilikubali. Niliona, mwaka wenyewe ni wa kweli, kadi tu ndiyo ya uongo. Mtu akibanwa akili yake inakuwa wakili wake.

Jumamosi nikaenda Bwera. Mama anakaa mlimani juu ya mji, peke yake, na kuku wake anaowatukana kwa majina. Ni mzee sana, mgongo umepinda, lakini kichwa kizima. Nikamkuta anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikakaa, nikamweleza yote, na nakala ya ule ukurasa wa faili, aliyonipa karani, nikamwonyesha. Kusoma hajui. Akaniuliza imeandikwa nilizaliwa lini. Nikamtajia mwaka ulio kwenye faili.

Akaacha sombe.

"Mwaka huo mimi nilikuwa kwa baba yangu nachunga mbuzi. Baba yako hata njia ya kwetu hakuijua. Kwa hiyo umewaambia serikali nilikuzaa kabla ya kuolewa?"

"Hapana, mama..."

"Miaka yote hii polisi wananijua hivyo?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikamwomba aje siku ya Jumatatu aweke dole gumba, aseme mwaka wa kweli, tupate ile miaka minne ya mshahara.

Akapangusa mikono kwenye leso. Halafu akasema, na hii naiandika kama alivyoisema kwa Kikonzo:

"Kidole nitaweka, kwa sababu ni kweli. Lakini na mimi nikuulize. Ile miaka minne ulipoichukua, uliitoa wapi? Ulikuwa wangu bado. Ulikuwa unanichotea maji. Nilirudi kutoka sokoni nimekuletea shati, nikakuta lori limeondoka. Shati alivaa Baluku."

Baluku ni mdogo wangu, alishatangulia mbele ya haki.

"Miaka minne ilikuwa yangu, mimi ndiye uliyeninyima," akasema. "Sasa serikali inairudisha, na wewe unakuja kunitaka kidole changu ili nisiipate."

Wakuu, mimi nimesimama mbele ya majambazi wenye bunduki. Pale sikuweza kumwangalia.

Tukala bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe, tukaongea habari za kuku. Kidole sikukitaja tena.

Jumatatu nikampigia yule jamaa wa kibanda nikamwambia aiache kadi. Akasema mzee umeogopa. Nikamwambia ndiyo. Halafu nikafungua sanduku la bati, nikatoa kile kitabu, nikakaa na mke wangu. Safari hii kalamu akashika yeye.

"Vyumba sita, futa," akasema.

"Viwili vya mbele tunaezeka," nikasema. "Na ng'ombe?"

"Ng'ombe futa. Utakunywa maziwa ya nani? Chai kavu."

"Masika?"

Hapo akaweka kalamu chini. "Masika haifutwe."

Na haikufutwa. Kuta za vyumba vinne mpaka leo zimesimama wazi, tumepanda maboga ndani. Yule mstaafu mwenzangu akipita anauliza sebule ina nini, namwambia ina maboga. Siku ya kustaafu, pale barracks nilikabidhi funguo asubuhi, tulibeba magodoro, beseni za makayabu na lile sanduku. Mke wangu sasa anauza Mpondwe penyewe, na anasema wateja wa huku wanalipa bila kulia. Pensheni bado naisubiri, lakini faili langu halina swali.

Sidanganyi kwamba ni rahisi. Kuna siku chumvi tunaipima. Ule mshahara wa miaka minne naukumbuka hasa karo za Masika zikifika.

Nilichojifunza: usipange kustaafu kwa umri ulio kichwani. Nenda ofisini ukiwa bado na nguvu, omba faili, soma umeandikwa nani na umezaliwa lini. Kisha panga na mwenzako, si peke yako na rula. Na ule mpango ufungue kila mwaka, maana watoto wanakua, na wewe unachoka.

Kila jioni napanda kwa mama na dumu la maji. Nikilishusha, anainua kichwa kutoka kwenye sombe, anataja hesabu yake ya miezi niliyokwisha kumrudishia.

Leo amesema, "Miezi saba." Halafu akasema bado mingi, nisichelewe kesho.

Wenye miaka ya kuongeza humu, najua siko peke yangu. Semeni mlifanyaje, nasoma polepole lakini nasoma yote.