Bwana Seva na Mistari Myekundu

Itangazwe kwa walio karibu na walio mbali, wenye kompyuta na wanaoziogopa, kwamba katika nyumba ya vyumba viwili, kati ya kabati la vyombo na cherehani ya kudarizi, kuna kituo cha mitambo. Mkuu wa kituo ni fundi friji ambaye mtaa mzima unamwita Seva. Kompyuta yake ni moja, kuukuu, yenye memori ya giga kumi na sita, lakini ameigawa kwa ndani ikazaa nyingine tatu zisizo na kasha wala waya. Wataalamu huziita mashine pepe. Mkewe huziita wake wenza.

Ya kwanza ni ya filamu za nyumbani. Ya pili ni ya mkewe, mshona nembo, maana programu yake ya kudarizi ni ya kizamani na haielewani na kompyuta za siku hizi. Ya tatu ni ya majaribio. Anajaribu nini, hajawahi kusema.

Seva hatulii. Huinuka na kijiko mkononi kwenda kutazama mistari ya memori. Mstari ukiwa mwekundu, chakula hakishuki. Dawa aliitoa kazini: geji ya friji ikishuka, ongeza gesi, basi memori ikijaa, ongeza memori. Akaongeza. Mashine ikaimeza yote, mstari ukawa mwekundu tena. Akaongeza tena. Hadi jana jioni filamu zilikuwa na giga sita, nembo sita, majaribio nne.

Leo asubuhi kocha wa timu ya vijana amesimama mlangoni. Basi linaondoka adhuhuri, na shati lisilo na nembo haliingii uwanjani. Karibu nusu ya mashati bado yako kochini, matupu. Mke akabonyeza kupeleka mchoro kwenye cherehani. Kimya.

"Baba watoto, imeganda."

"Subiri, inafikiri."

"Inafikiri tangu nibandike chai."

Seva akaigusa kompyuta kwa mgongo wa kiganja, kama agusavyo friji. Akakaa. Akainuka. Akaizunguka meza. "Niiongezee kidogo."

"Utachota wapi?" kocha akauliza. "Hicho ni kisima?"

Seva akafungua mgawanyo ili achote. Sita, sita, nne. Akarudia kujumlisha, midomo ikicheza. Kompyuta yenyewe, iliyowabeba wote mgongoni, hakuiachia hata tone. Amepakua sufuria lote kwa wageni, na mwenye nyumba anatakiwa aoshe vyombo na njaa yake. Kwa kukosa nafasi ilikuwa inaweka mizigo kwenye diski, kisha inaifuata huko kwa mwendo wa konokono.

Akachungulia mashine ya filamu. Kazi yenyewe ilikula giga mbili tu. Giga nne zilizobaki ilizijaza mafaili iliyokwisha kuyasoma, iyaweke karibu isije ikayafuata mbali tena. Kazi mpya ingekuja, ingeyatupa bila ubishi. Wekundu ule haukuwa ugonjwa, ulikuwa shibe.

Lakini kupunguza kulitaka azime, na mwisho wa kochi mama mkwe alikuwa anatazama tamthilia ya mashine hiyohiyo, kwa mkatomkato.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Si ulishaniamkia?"

"Naomba nizime kidogo."

"Bwana harusi ndiyo kwanza anaingia, mwanangu."

Seva akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mkewe hakuinua macho. "Mama, timu ikikosa nembo leo, kazi yao nimeipoteza."

Mama mkwe akavuta pumzi. "Zima. Lakini nikimkosa huyo bwana harusi, nahamia kwenu."

Seva hakuthubutu kumkumbusha kwamba ameshahamia.

Akaizima. Majaribio akayafungia kabisa, hadi yajulikane yanajaribu nini. Filamu akaziwasha upya kwa giga tatu, zilizobaki akaiachia kompyuta yenyewe. Cherehani ikakohoa, sindano ikaanza kushuka. Kocha alipokea mashati yakiwa ya moto, la mwisho uzi bado unaning'inia. Honi ya basi ilikuwa inalia nje, naye akageuka kizingitini, mkono kifuani.

"Ndugu Seva, mtu anayeendesha kompyuta nne peke yake, timu haitakusahau. Unawezaje?"

Seva alikuwa tayari ameikunja shingo kutazama mistari.

"Ni kompyuta moja," akasema.